Safu ya Kumi na Saba

Mimi, Mwanakheri binti Kitwana, nimeachika mara mbili, na mara zote mbili ni kwa ajili ya mdomo. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kutafuta huruma. Nasema ili ijulikane mapema kwamba watu wote wa Gwata walinijua kuwa ni mwanamke wa kusema hapana. Mtu akitaka kuazima jembe asilokusudia kulirudisha, alingoja nitoke ndipo aje amwombe mama. Kwa hiyo yale yaliyompata mdogo wangu Twalibu mwaka wa hamsini na tatu, kwenye matanga ya baba yetu, sikutazamia hata kidogo kwamba yatapitia kwangu. Yangepitia kwa mtu mwingine, ningemsema mtu huyo mpaka leo.

Twalibu alikuwa kitinda mimba. Alisoma mpaka darasa la nane, akapata kibarua kwenye kituo cha majaribio ya kilimo upande wa pili wa Mlandizi. Kazi yake ilikuwa kupima mvua kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Mkuu wa kituo alikuwa Mwingereza mmoja mrefu, watu walimwita Bwana Mizizi, maana akifika kijijini hakuuliza habari za watu, aliuliza habari za mihogo. Na alikuwa na sababu. Miaka ile mihogo yetu ilikuwa inaoza ikiwa bado ardhini. Juu unaona mti umesimama na majani yake, unachimba unapata mizizi minene ya kupendeza, ukiipasua ndani imejaa madoa ya rangi ya kahawa, na uchungu wake hautoki hata uichemshe mara tatu. Tulikuwa tunamenya kapu zima tunapata nusu sufuria.

Bwana Mizizi alileta vijiti vya mihogo kutoka kila upande akavipanda kituoni, vyote vikaoza vilevile. Twalibu yeye akaja na lake. Sote tunajua muhogo hupandwa kwa kijiti. Unakata, unachomeka, umemaliza. Lakini muhogo huo huo hutoa vitunda vidogo juu, vikikauka vinapasuka na kumwaga mbegu, na mbegu hizo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kujishughulisha nazo. Twalibu akaanza kuzunguka mashamba ya watu akivifunga vitunda kwa vitambaa ili mbegu zisimwagike. Wengine walidhani anafanya uganga, na mzee mmoja akaja kwa baba kulalamika kwamba shamba lake limefungwa. Mbegu zenyewe aliziotesha ndani ya vigae vya mitungi nyuma ya jiko langu. Nilimwambia wenzake wa umri wake wanalea watoto, yeye analea mihogo.

Hakukasirika, hakuwa mtu wa kukasirika. Alinieleza kwamba kijiti ni mama yule yule anajirudia, kama mama ni mgonjwa na kijiti ni kigonjwa. Lakini mbegu ni mtoto mpya, na kila mtoto huzaliwa na bahati yake. Huenda katika mia akatokea mmoja ambaye ugonjwa ule haumwingii. Mimi nilicheka, baba hakucheka. Baba alikaa akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akampa kipande cha nyuma ya nyumba alichokuwa akipanda ufuta, kipande chetu kizuri kuliko vyote.

Katika ile miche Twalibu alichagua ishirini iliyoonekana na nguvu. Ilipokomaa akakata vijiti vyake, akapanda safu ishirini, kila safu mashina sita, na kila safu akaichomekea kibao cha bati alichotoboa namba kwa msumari. Miezi sita ilipopita Bwana Mizizi alikuja, akachimbua mzizi mmoja mmoja pembeni mwa kila safu na kuupasua kwa kisu. Madoa, madoa, madoa. Kwenye safu ya kumi na saba ulitoka mzizi mweupe kama nazi. Alirudi tena mwezi wa tisa, akapasua tena, mweupe. Akiwa bado ameushika, akamwuliza Twalibu ana umri gani.

Siku hiyo ndipo tulipojua kuna nini. Huko Uganda kulikuwa na chuo cha juu, ambako vijana Waafrika walikuwa wanafundishwa elimu ya mimea kwa darubini, na akimaliza mtu anarudi kuwa mtafiti, si kibarua wa kupima mvua. Mwaka ule kijana mmoja tu wa pwani angepelekwa, na jina lake lilikuwa mkononi mwa Bwana Mizizi. Alisema atarudi Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Agosti, miezi kumi na miwili ikitimia, na mizani yake. Safu zote zitachimbwa mbele ya macho yake, kila mzizi utapimwa na kupasuliwa. Safu ya kumi na saba ikisimama kama alivyoiona, atapeleka jina la Twalibu. Tulimwuliza kwa nini asichukue vijiti kabisa akavitunze kwake. Akasema tangu vile vya kwanza vioze, sheria ya kituo hairuhusu kijiti cha nje kuingia kabla hakijapimwa, kisije kikaleta ugonjwa mwingine. Kwa hiyo muhogo ule ulikuwa pale nyuma ya nyumba yetu na si mahali pengine popote duniani, mashina sita. Alipokuwa anaondoka alitutazama mmoja mmoja akasema mtu asiguse.

Baba alifariki Jumatano, siku tano kabla ya Jumatatu hiyo. Homa ya siku mbili tu. Jumanne jioni alikuwa bado anamwuliza Twalibu kama huko Uganda kuna msikiti.

Tulimzika Alhamisi. Marehemu Kitwana bin Salehe alikuwa mtu wa watu, na watu walikuja. Walikuja wa Mlandizi, wa Kisarawe, wengine tuliwaona siku ile kwa mara ya kwanza. Mama aliingia ndani kukaa eda. Twalibu alikuwa na wanaume barazani. Jiko likabaki kwangu, na Siwema jirani yetu akawa mkono wangu wa kulia.

Watani nao walikuja, na mkubwa wao alikuwa Pazi. Asiyejua utani wa kwetu itabidi nimweleze kidogo. Ukoo wetu na ukoo wa akina Pazi ni watani tangu mababu, na msiba ukitokea kwetu wao ndio wenye msiba kuliko sisi. Pazi ndiye aliyechimba kaburi la baba na ndiye aliyeshuka ndani kumpokea, mzee wa miaka sitini na zaidi, mwembamba, na magoti yake mabovu. Kazi yake nyingine ni kutuchekesha, ili tusimfuate marehemu. Huchukua anachotaka: akiona jogoo anamkamata, akiona kanzu anaivaa, na mfiwa hukomboa mali yake kwa kitu kidogo huku anacheka. Kumkasirikia mtani kwenye matanga ni aibu, na aibu yenyewe humwangukia marehemu. Na liko jambo moja zaidi ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Mtani akikuomba kitu ukakataa, anaweza kukaa kimya. Lakini akikuomba ukacheka, umeshampa.

Tangu Alhamisi Pazi alikuwa amevaa koti la baba, amekaa kwenye kiti cha baba, anakohoa kikohozi cha baba na kudai kahawa. Watu walivunjika mbavu. Mimi sikucheka, nilikuwa nimekauka kabisa.

Ijumaa asubuhi Twalibu alichukua baiskeli kwenda Mzenga kuwapa habari ndugu wa mama, arudi nao kesho yake kwenye hitima ya siku ya tatu. Kabla ya kupanda alisogea kwangu, akasema, "Dada, shamba la nyuma." Nikamwambia aende zake, nani atapita kwangu.

Saa sita mchana chakula kikaisha. Mchele ulikwisha tangu jana yake. Unga uliobaki ulikuwa wa hitima. Tulichimba muhogo wa shamba la mbele, majirani wakaleta makapu yao, lakini kila mzizi tuliopasua ulikuwa na madoa. Wanawake walikaa kwenye majamvi wakimenya na kutupa, kumenya na kutupa, na barazani kulikuwa na watu zaidi ya mia ambao hawajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Siwema aliniambia polepole kwamba kule nyuma kuna muhogo. Nikamwambia ule hauguswi. Akaja mwingine na maneno yale yale nikamjibu vibaya, mpaka mama akasikia ndani, akauliza kuna nini. Wakarudi kwenye kumenya. Lakini nilisikia mwanamke mmoja mgeni akimwuliza mwenzake kama hii ndiyo kawaida ya nyumba hii.

Maneno hayo yalimfikia Pazi. Akaja mpaka mlangoni mwa jiko, na koti la baba mwilini, akasimama kama baba alivyokuwa akisimama, mkono mmoja kiunoni. Akakohoa. Halafu kwa sauti ya baba, ile ile, ya puani kidogo, akasema:

"Mwanakheri mwanangu, usiwape muhogo. Wakishiba watahamia."

Baba alikuwa akisema hivyo kila tulipopata wageni, na hakuna mgeni aliyewahi kuondoka kwake na njaa, kwa hiyo kinywani mwa mtani maneno hayo yalikuwa ni kuomba. Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka tu, kicheko kikubwa ambacho sikujua kama ninacho, kikanipinda tumbo, nikajishika kwenye nguzo. Wote wakacheka pamoja nami. Halafu kikageuka kilio, kilio changu cha kwanza tangu Jumatano, nikajifunika kanga usoni nikalia sana. Nilipojifunua jikoni hapakuwa na mtu.

Nilizunguka nyumba. Walikuwa wameshaingia, wanawake kama kumi na tano na majembe yao, wanaimba. Pazi alikuwa ameng'oa vibao vyote, amevifunga kwa kamba na kuvivaa shingoni, anatembea kati ya safu akiinama na kuchungulia mizizi kama Bwana Mizizi, na watu wamekaa chini kwa kucheka. Safu tatu au nne zilikuwa bado zimesimama. Namba kumi na saba ilikuwa shingoni mwa Pazi, na sikujua Twalibu alianza kuhesabu upande upi.

Nilifungua mdomo. Nauliza leo, na nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii, mdomo ule uliovunja ndoa mbili ulikwenda wapi. Mbele yangu alikuwepo mtu aliyemlaza baba yangu kaburini jana yake, na nyuma yangu watu mia waliokuja kumlilia. Nilikuwa nimeshacheka, wote wameniona. Niseme nini sasa, kwamba nilicheka lakini sikutoa? Siwema aliinua mzizi akaupasua, na ndani ulikuwa mweupe. Wimbo ukakatika. Wanawake walisogea wakautazama, maana ulikuwa mwaka wa pili hawajauona muhogo mweupe. Mmoja akaniambia, kwa adabu sana, kwamba akitoka hapa angependa kubeba vijiti viwili vitatu vya mbegu, na mbegu kwetu mtu hanyimwi. Mwingine naye akaomba. Nilisimama pale pembeni mwa nyumba mpaka wakamaliza.

Twalibu alirudi Jumamosi saa nne, na mama wadogo wawili wa Mzenga nyuma yake kwa miguu. Sikuwa na ujasiri wa kumlaki. Alikaribishwa barazani akawekewa sahani, kwa sababu mfiwa aliyetoka safari hulishwa kwanza, na kwenye sahani kulikuwa na muhogo wa nazi. Alitazama sahani. Akachukua kipande, akakivunja, akakiangalia ndani. Akachukua kingine. Kisha akawauliza waliokaa naye, kwa sauti ya kawaida kabisa, huu umetoka safu gani. Wote wakaangua kicheko, wakajua mtoto wa marehemu naye anajua utani. Pazi akainuka na vibao vyake vinagongana kifuani, akapiga saluti, akamwambia kuwa vibao vya serikali viko salama na gharama ya kuvikomboa ni kuku mmoja.

Nilikuwa dirishani, naona. Twalibu alimtazama Pazi, akamtazama mmoja mmoja wa wazee, halafu akacheka. Alicheka vizuri, ungedhani kweli. Akanitumia mtu nitoe kuku, nikatoa tetea wangu mwekundu, Pazi akavua vibao vyote ishirini akamkabidhi kwa mikono miwili. Twalibu akashukuru. Akala muhogo wote uliokuwa kwenye sahani.

Baada ya hitima, watu walipoanza kutawanyika, alikwenda nyuma peke yake. Nilimfuata. Mashimo matupu, na kwenye kona fungu la vijiti vifupi vilivyopinda ambavyo watu waliviacha. Vingine vyote vilikuwa vimekwishaondoka vichwani mwa wanawake, kila mmoja na njia yake. Alikaa chini akaanza kuvigeuza kimoja kimoja, anapapasa macho ya kijiti, ananusa ganda. Nikamwuliza kama hawezi kuijua kumi na saba kwa rangi. Akasema kumi na sita, kumi na saba na kumi na nane zilizaliwa na mama mmoja, ngozi yao ni moja, tofauti yao iko ndani ya mzizi na kwenye kibao. Nikamwambia avipande vyote basi. Akasema atavipanda, mwakani atajua kama kumi na saba imo, na jina linapelekwa mwisho wa mwezi huu.

"Nani aliruhusu?" aliniuliza.

"Mimi," nikamwambia. "Pazi alisema kwa sauti ya baba, nikacheka."

Aliitikia kwa kichwa. Yeye ni mtoto wa kwetu, sikuhitaji kumweleza zaidi. Ningefurahi angenipiga.

Jumatatu gari la kituo lilifika saa tatu. Wanaume wachache walikuwa bado barazani. Bwana Mizizi alishuka na mizani yake ikibebwa na dereva, akaona kofia za wazee na majamvi yaliyotandikwa, akauliza. Walipomwambia, alivua kofia akatoa pole, na nadhani ilitoka moyoni, maana baba alikuwa akimwandalia madafu kila alipokuja. Halafu Twalibu akampeleka nyuma. Mimi nilikuwa natoka kwa mama na sinia, nikaweka sinia chini nikawafuata. Sikualikwa.

Alitembea kwenye mashimo kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliinama akashika ukingo wa shimo moja, ambao ulikuwa na alama ya jembe iliyo wazi hata kwa kipofu. Alisimama. Alitazama mbali, upande wa mtoni, kisha akafungua daftari lake akaliegemeza kwenye mkono.

"Twalibu," alisema, "mwaka huu nguruwe ni wengi sana pande hizi. Je, hawa walikuwa nguruwe?"

Twalibu alifungua mdomo.

Mimi nilisikia neno moja tu. Muhogo ule uliliwa na watu waliokuja kumsomea baba yangu hitima, umeingia vinywani pamoja na Kurani, na sasa mtu anasimama juu yake anataja nguruwe. Damu ilinipanda. Mdomo uliokuwa umenitoroka Ijumaa ulirudi wote kwa mara moja.

"Bwana, hapa hapajaingia nguruwe," nikamwambia. "Muhogo huu umeliwa na Waislamu kwenye msiba wa baba yangu. Tumechimba wenyewe."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba kitu, na sikujua ni nini. Akaniuliza nani alitoa ruhusa. Nikasema mimi. Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka mto, kama ni kweli niliwaambia watu wachimbe.

"Sikuwaambia," nikamjibu. "Nilicheka."

Halafu akaandika mstari mmoja, mfupi, akafunga daftari. Alimwambia Twalibu kwamba anasikitika, akamwekea mkono begani kidogo, akaelekea kwenye gari na dereva nyuma yake na mizani.

Niligeuka kwa Twalibu nikiwa bado nimevimba kwa hasira, nikitegemea anishukuru kwa kulinda heshima ya msiba. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shimo.

"Dada," alisema, "alikuwa ananisaidia."

Akanieleza, bila kupandisha sauti. Shamba la majaribio likiharibiwa na mnyama au mafuriko huandikwa kuwa ni ajali, na karatasi za miezi sita na za miezi tisa zinabaki na nguvu, na jina linakwenda kwa karatasi hizo. Likivunwa na wenyewe kabla ya kupimwa, linafutwa lote na karatasi zake. Bwana Mizizi aliiona alama ya jembe kama tulivyoiona sisi. Hakuwa anauliza. Alikuwa anataka neno moja tu la kuandika, na Twalibu alikuwa ameshalishika mdomoni.

Siku niliyotakiwa kukasirika nilicheka, na siku niliyotakiwa kunyamaza nimekasirika, na mara zote mbili ni yeye aliyelipa. Nikatazama mbele ya nyumba. Gari lilikuwa bado pale. Bwana Mizizi alikuwa amekaa ndani, mlango wazi, dereva ameshika usukani, na injini haijawashwa. Alikuwa anangoja. Hata mimi nilielewa kwamba anangoja neno la Twalibu.

"Kimbia," nikamwambia Twalibu. "Kimbia ukamwambie ni nguruwe. Mwambie dada yako amechanganyikiwa kwa msiba, hajui anachosema."

Hakuinuka. Nikamshika mkono nikamvuta. Nikamwambia aseme mimi ni mwongo, aseme nina wazimu, aseme ndiyo maana nimeachika mara mbili, kijiji kizima kitamshuhudia. Nilikuwa nalia nalo neno hilo, naapa, sikuwahi kumwomba mtu kitu maishani mwangu kama nilivyomwomba mdogo wangu anitukane.

Alinitoa mkono taratibu.

"Baba ana siku nne tu kaburini," alisema. "Niende kwa Mzungu nikamwite binti yake mwendawazimu?"

Nikasema nitakwenda mwenyewe. Nilikwenda kweli, nilikimbia mpaka kwenye gari na kanga inaniporomoka, nikamwambia Bwana Mizizi kwamba ni nguruwe, walikuwa nguruwe, wengi, niliwaona kwa macho yangu. Bwana Mizizi alinisikiliza mpaka nikamaliza, akatazama nyuma yangu kama Twalibu anakuja, hakumwona. Akasema kwa Kiswahili chake kile cha kupangilia, "Mama, nimeshaandika kwa wino." Akafunga mlango. Gari likawaka, likageuza penye kaburi jipya la baba kwa mwendo wa adabu, likachukua njia ya Mlandizi.

Niliporudi nyuma Twalibu alikuwa ameinuka, anafuta udongo kwenye suruali. Akaniuliza kama mama ameshakula.